Tulibisha Hodi kwenye Ukurasa wa Chuo Kikuu

Mama yangu hawezi kuomba hata chumvi bila kwanza kusalimia nyumba nzima. Anasimama kwenye uwanja wa jirani, anabisha hodi, anangoja waitike, anauliza watoto wameamukaje, mihogo iko namna gani, yule mugonjwa wa juzi anakula sasa? Kisha yeye naye aulizwe. Ndipo anasema, kama vile imemujia sasa hivi tu, "Eh, na kama muko na chumvi kidogo..." Mimi nilikulia mule, Kabambare, na sikujua kama kuna namna ingine ya kuomba kitu duniani. Kwa sababu ya hiyo nilikaribia kukosa chuo kikuu. Leo nacheka nikiandika, lakini wakati ule, weee, nililia mpaka macho yakavimba.

Mwaka ule nilikuwa nimefaulu mutihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari, tena nilifaulu vizuri, sitajificha. Nilitaka kusoma kilimo. Watu walinicheka: "Kilimo? Jembe si liko nyumbani? Unaenda kusoma nini?" Nilitaka kujua kwa nini mihogo yetu inaoza ndani ya udongo na majani yake juu iko ya kijani tu, yanapepea, hayana habari. Baba alikuwa Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu, siku moja anapata, siku nyingi hapati, na nyuma yangu kulikuwa wadogo wane. Njia ya kulipa chuo haikuwepo.

Halafu prefe, mukubwa wa shule yetu, akarudi toka Kasongo na karatasi aliyokunja mara nne. Kuna chuo kikuu kimoja, akasema, mbali, siku nyingi za njia, kinatoa bursi kwa wasichana wanaotaka kusoma kilimo. Masomo, chumba, chakula, vyote wanalipa wao. Kuomba ni kwa interneti tu, na mulango unafungwa mwisho wa mwezi. Nikasoma karatasi ile nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaruka, nikamwaga maji ya kuoga ya Mama. Alinitukana kidogo, nikamusomea na yeye, akasahau maji.

Sasa, interneti. Rezo, mutandao wa simu, kwetu haikai kila mahali. Wakati ule, mutaani mwetu, ilishika vizuri sehemu moja tu: nyuma ya choo cha shule. Usiniulize kwa nini, hata wenye mulingoti wa simu hawajui. Tulikuwa tunasimama pale watu sita, saba, simu juu, pua imefungwa na kitambaa, kila mutu na mambo yake. Mumoja anaongea na muchumba, mumoja anauliza bei ya mafuta ya mawese Kasongo, na mimi naomba chuo kikuu. Mwalimu mumoja akipita kwenda chooni anatusalimia kwa heshima yote, tunamuitika, anaingia. Nilikuwa na furaha sana nyuma ya choo kile.

Rafiki yangu wa darasa akaniingiza kwenye kikundi cha bursi cha kwenye simu. Mungu wangu! Kila asubuhi bursi zilikuwa zinashuka kama mvua. Bursi ya Kanada, bila mutihani. Bursi ya Uturuki, na tiketi ya ndege. Bursi ya China, nafasi zinabaki chache, tuma kwa watu kumi kwanza. Nilituma kwa watu kumi. Kwa siku tatu nilikuwa mutu wa Kanada asubuhi, saa sita niko Uturuki, jioni niko China. Nilianza kumuuliza Mama kama kule nitapata sombe, majani yetu ya mihogo, na Mama, ambaye Kasongo kwenyewe alikuwa amefika mara mbili tu katika maisha yake, akasema nibebe ya kukausha.

Ndani ya kikundi hicho ndimo alitoka bwana mumoja. Aliandika kwamba yeye ni mukubwa wa bursi ya Ulaya, na akaomba kuongea na muzazi wangu kwanza, "kwa sababu mutoto ana wazazi." Nikamupa Mama simu, nikamuonyesha pa kuongelea. Sikia salamu ile! "Jambo Mama. Mumeamukaje? Na nyumba, iko salama? Kikohozi kimepungua? Mbuzi wanaendelea?" Mama akageuka akanitazama, mukono kifuani. Alikuwa na kikohozi kweli. Alikuwa na mbuzi kweli, wawili. "Huyu mutu," akasema, "wazazi wake walimulea."

Waliongea hivyo wiki nzima, yeye na bwana wa Ulaya. Mama alikuwa anaacha shamba mapema ili apange mustari nyuma ya choo. Alimueleza ugonjwa wa goti, alimueleza mbuzi mumoja ana mimba, na bwana alijibu kila kitu, hata aliombea mbuzi uzazi mwema. Mwisho akasema ombi lake, polepole, vile Mama anavyopenda: atume karatasi yangu ya kufaulu, siyo kopi, ile yenyewe. Kuna mutu wake Kasongo ataipokea sokoni na kuipeleka mbele.

Wakati huohuo nilikuwa nimepiga hodi kwenye ule ukurasa wa chuo kikuu wa prefe. Niliandika jina langu na siku ya kuzaliwa, nikafungua mulango kidogo. Baada ya dakika moja barua ikanifikia: tumepokea, endelea kujaza dosie yako ya maombi. Na chini yake: usijibu barua hii.

Nilipomusomea Mama, uso wake ukabadilika. "Soma tena." Nikasoma tena. "Hajauliza habari yako?" Hapana. "Hajauliza wazazi wako wako wazima ao walikufa?" Hapana, Mama. "Anakuandikia barua halafu anakukataza kujibu!" Akapiga makofi mara moja, paa! "Huyo ni mutu ameficha kitu. Mutu wa kweli hakatazi kujibiwa. Hatutoi karatasi zetu kwenye nyumba ambayo hawaitiki hodi."

Mimi nami, na sekondari yangu yote, niliona ni kweli! Hapo ndipo hasira inanishika nikikumbuka, siyo kwa Mama, kwa mimi. Nilikuwa najua Kifaransa, najua kemia, lakini ndani ya mifupa nilikuwa mutoto wa uwanja ule ambamo chumvi inaombwa kwa robo saa. Tukakaa chini, tukaandika salamu kwa chuo kikuu. Mama anasema, mimi naandika. "Kwa wakubwa wote wa chuo, na wake zao, na waume zao. Sisi huku tuko wazima, ni kikohozi tu. Tunaomba kujua na ninyi mumeamukaje." Hatukuomba chochote. Ingekuwa haya kuomba katika barua ya kwanza. Nikaituma kwa anwani ile iliyosema tusijibu, na tukangoja waitike.

Tukangoja siku tatu. Tukangoja tano. Kila siku niko nyuma ya choo, nafungua, hakuna kitu. Mama akasema labda kuna matanga kule chuoni. Siku ya saba akasema labda barua ilikuwa fupi, wameona tuna haraka, kwa hiyo tukatuma ingine ndefu zaidi, ndani yake tukatia habari ya mvua. Dosie yangu ilikuwa imefunguka kule ndani, tupu, inaningoja niijaze, na mimi siigusi kwa sababu sijakaribishwa! Na mwisho wa mwezi unakaribia, umebaki siku tano, umebaki siku mbili. Usiku nilikuwa nalala nikijua kwamba mulango ule ukifungwa, mimi ni wa jembe tu mpaka uzee. Nilimuambia Mama naogopa. Akasema, "Basi twende sisi wenyewe."

Kwenda wapi? Kasongo. Kule prefe alitoa anwani ya ukurasa, kwa hiyo mwenye ukurasa hakosi kujulikana kule. Tutamusalimu uso kwa uso. Na kulekule sokoni tutamupa mutu wa bwana wa Ulaya karatasi yangu, safari moja, kazi mbili. Mama akakamata kuku, jogoo mukubwa mwekundu, akamufunga miguu. "Huwezi kumusalimu mutu mukubwa mikono mitupu," akasema.

Pikipiki ilitubeba asubuhi mapema: dereva, Mama, mimi, na jogoo. Karatasi yangu ilikuwa ndani ya sasheti mbili za plastiki, imefungwa kwa kitenge kwenye tumbo la Mama. Kila mahali pa matope tunashuka, tunasukuma, tunapanda. Kwenye kilima kimoja dereva aliteleza na tukalala sote kwenye majani, pole pole kabisa, hakuna aliyeumia, na Mama akiwa bado chini akapaza sauti: "Jogoo iko?" Jogoo alikuwepo, amekasirika. Nilicheka mpaka nikashindwa kusimama. Hata leo sijui kama nilikuwa nacheka ao naogopa, labda yote mawili.

Kasongo tulifika matope mpaka kwenye nyusi. Prefe alikuwa ametuelekeza kwenye sekretaria moja karibu na soko, chumba cha mutu kuandikiwa barua, kupiga kopi na kuingia interneti. Mwenyewe alikuwa mama mumoja munene wa miwani, kalamu ndani ya nywele, na jenereta yake inalia nje. Mama akabisha hodi. Yule akaitika vizuri, akatupa viti, akauliza njia, akauliza mvua ya Kabambare. Mama akapumua. Wakasalimiana mpaka mwisho wa salamu zote. Kisha Mama akamuweka jogoo juu ya meza, katikati ya karatasi, akasema, "Mama, tumekuja kumusalimu mwenye ukurasa."

"Ukurasa gani?"

Nikamuonyesha simu. Mama akaeleza yote: barua yao isiyo na salamu, barua zetu mbili, kimya chao, matanga. Yule mama alisikiliza, mudomo umeanza kutetemeka. Alivua miwani. Mama alipofika kwenye "na wake zao, na waume zao," yule akalala juu ya mashine ya kopi, anacheka bila sauti, machozi yanatiririka. Jogoo akawika. Mama yangu akakunja uso, lakini na yeye kicheko kilimushika, haikuchukua hata dakika.

"Mama yangu," yule akasema alipopata pumzi, "hiyo barua hakuandika mutu. Ni mashine. Inaandika peke yake kwa kila anayefungua dosie, na ukiijibu, jibu lako linaanguka mahali ambapo hakuna mutu. Haijui kusalimu. Haijui hata kama wewe uko."

"Na nani anaachia mashine kupokea wageni?" Mama akauliza.

Kisha Mama akaanza kufungua kitenge tumboni, akasema vizuri basi, angalau yule bwana wa Ulaya ni mutu wa kweli, mutu wake anatungoja sokoni. Mwenye sekretaria akaacha kucheka. Akauliza huyo bwana anasalimuje. Mama, kwa fahari yote, akamuambia: anauliza nyumba, anauliza kikohozi, anauliza mbuzi.

Yule akachukua simu yake mwenyewe, akatafuta kidogo, akatusomea. "Jambo Mama. Mumeamukaje? Na nyumba, iko salama? Kikohozi kimepungua? Mbuzi wanaendelea?" Ilikuwa ni salamu ya bwana wetu, neno kwa neno. "Aliniandikia mimi pia, kwa ajili ya mutoto wangu," akasema. "Mama, mimi sina mbuzi. Maisha yangu yote sijafuga mbuzi. Na yeye kila siku ananiuliza mbuzi."

Mama alikaa. Mukono ulikuwa bado kwenye kitenge, juu ya karatasi yangu. "Lakini aliombea yule mwenye mimba," akasema kwa sauti ndogo. Nilimuonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Mwenye sekretaria akatueleza wanavyofanya: wanachukua karatasi yenyewe, halafu ili wakurudishie, unailipia. Wazazi wengine walishapita pale kwake wakilia. Mama akafunga kitenge tena, mafundo matatu.

Basi yule mama akanivutia kiti mbele ya mashine na kunifundisha, na aliyonifundisha siku ile nayafundisha wengine mpaka sasa. "Usiingie kwa bursi kupitia mulango uliotupiwa kwenye kikundi," akasema. "Nenda wewe kwenye nyumba yenyewe." Tukatafuta ukurasa wa chuo kikuu sisi wenyewe, tukapitia ndani yake, tukaangalia kama wao wanaitaja ile bursi. Waliitaja, na tarehe ileile ya prefe. Tukatafuta bursi ya bwana wa Ulaya kwenye chuo alichosema: haikutajwa popote. Akanionyesha pa kuangalia nani anasimamia, wanataka nini, wanakataa nini. "Kisha, ukiona mashaka, unapiga simu kwa aparitora, ofisi inayoandikisha wanafunzi. Kule kuna mutu." Akapiga, akaweka sauti ya juu, akamupa Mama.

Mwanaume akapokea, sauti imechoka. Mama akabisha hodi ndani ya simu, kweli, "Hodi huko!" Halafu yule mutu akacheka na kusema, "Karibu, Mama." Ee! Mama alisimama wima. Akauliza ameamukaje, akauliza mke, akauliza joto la kwao, na yule akajibu yote, akauliza na yeye, mpaka nikaanza kumukonyeza Mama kwamba simu inakula pesa. Mwishowe akasema bursi ni ya kweli kabisa. Lakini tufanye haraka, dosie zinafungwa kesho saa sita ya mchana. "Na ile mashine musiikasirikie," akaongeza. "Hata rekta, mukubwa wa chuo chetu, haimusalimu."

Kesho saa sita! Mchana ule wote tulijaza. Tulipiga picha karatasi zangu, ya kwanza ilikuwa nzito, ukurasa ukaitapika. Tukaipunguza, ikaingia. Rezo ikaenda, ikarudi. Petroli ya jenereta ikaisha, mwenye sekretaria akafunga, tukalala kwake, na asubuhi saa mbili tuko pale tena na petroli kidogo. Waliuliza baada ya masomo nitafanya kazi gani. Niliandika mambo makubwa ya maendeleo, maneno ya kitabu. Mwenye sekretaria akayafuta yote kwa kidole kimoja. "Andika ile uliniambia jana wakati wa kula." Nikaandika habari ya mihogo inayooza na majani ya kijani. Ilitoka mara moja, kama kuongea.

Saa tano na nusu ilibaki kitu kimoja: kubonyeza "tuma". Mashine ya mezani ilikuwa imezimika tena kwa kukosa mafuta, kwa hiyo tulikuwa kwenye simu ya mwenye sekretaria. Nikamunyooshea Mama. Sijui kwa nini. Nilitaka awe yeye. Alishika simu kwa mikono miwili na hakubonyeza.

"Nikibonyeza, unaenda," akasema.

"Kama watanichukua, Mama."

"Watakuchukua." Akaitazama simu. "Mimi naogopa, mwanangu. Ile hodi niliyokuambia tungoje... pengine nilitaka kungoja tu."

Kisha akanyanyua kidole gumba chake, kile cha kushika jembe, akabonyeza. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Ngozi yake ilikuwa ngumu sana, kioo hakikuisikia. "Inakataa!" akapiga kelele. "Inakataa kidole changu!" Mwenye sekretaria akasema nibonyeze mimi, saa inaenda. Mama akakataa katakata. Alilamba kidole, akakifuta kwenye kitenge, akabonyeza, hapana, akageuza, akabonyeza kwa ubavu, hapana, jasho linamutoka, mimi nacheka na kulia pamoja, mwenye sekretaria anapiga miguu chini, "Bonyeza Mama, bonyeza!" na watu wa sokoni wameanza kuchungulia mulangoni. Akakitia mudomoni kidole kizima, akakitoa, akabonyeza kwa nguvu za mutu anayeng'oa muhogo. Ikaenda. Tulikumbatiana watatu mpaka miwani ya mwenye sekretaria ikaanguka. Jogoo tulimuachia.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Lilinikuta nyuma ya choo, na watu wote wa mustari walisikia, maana nililia kwa sauti. Nimechukuliwa. Masomo, chumba, chakula. Nilikimbia mpaka shambani bila viatu. Mama alikuwa ameinama, anapanda karanga, na nilipomuambia alikaa palepale katikati ya mistari, akafunika uso na kanga, mabega yanacheka. Nilizunguka, naruka, naimba upuuzi. Halafu nikaona shamba, ambalo wiki zile zote za kungoja nyuma ya choo sikuwa nimelikanyaga. Tulikuwa tunalima mpaka kwenye mukondo wa maji kila mwaka, yeye na mimi. Safari hii alikuwa amefyeka nusu tu. Nusu ingine ilikuwa bado majani, marefu, hayajaguswa, na msimu ulikuwa umekwisha kuanza toka siku nyingi, kabla ya jibu lolote.

"Mama, mbona hapa hukulima?"

Akapangusa macho, akachukua tena mbegu zake. "Mutu mumoja analima shamba ngapi?" akasema, akaendelea kupanda.